Fomu Tusizozitunga: Siasa ya Data za Viwanda

Hivi karibuni nilialikwa katika warsha ya siku mbili kuhusu kile ambacho barua ya mwaliko ilikiita "mfumo shirikishi wa data za viwanda kwa uzalishaji endelevu". Mshauri mwelekezi alituonesha mishale ya kijani ikipanda kutoka machimboni hadi kwenye viwanda vya magari vya Ulaya, akaeleza kwa ufasaha, akapigiwa makofi. Ulipofika wakati wa maswali, ofisa mmoja mwandamizi wa serikali, mtu ninayemheshimu kwa uchapakazi wake, alisimama na kuuliza jambo moja tu: "Fomu zitakuwa tayari lini ili tuanze kujaza?" Hakuna aliyeshangaa. Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali hilo, na zaidi kwa sababu ya ukimya uliolifuata.

Kwanza niwatendee haki waliobuni mfumo wenyewe. Kiwanda cha magari cha leo kwa sehemu kubwa huunganisha vipuri vilivyotengenezwa na maelfu ya wasambazaji. Ukitaka kujua gari moja limezalisha hewa ukaa kiasi gani, huna budi kumuuliza kila msambazaji, naye amuulize wa chini yake, hadi mgodini. Tatizo ni kwamba kila mmoja huogopa kusema. Mnunuzi akishajua unatumia umeme kiasi gani na malighafi kiasi gani, ameshajua gharama zako, na mwaka unaofuata atakubana katika bei.

Wajerumani walilikabili tatizo hilo kwa uzito. Taasisi za utafiti za Fraunhofer zilianza kubuni "maeneo ya data" katikati ya muongo uliopita. Mwaka 2019 Ujerumani na Ufaransa zikatangaza mradi wa Gaia-X, kwa hofu ambayo hawakuificha, ya kuona data za viwanda vyao zikihifadhiwa na kampuni za Marekani. Mwaka 2021 ukazaliwa Catena-X, umoja wa sekta ya magari ambamo leo wamo BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen, pamoja na Bosch, Siemens, SAP na BASF. Kanuni yake ni kwamba hakuna ghala kuu la data. Kila kampuni hubaki na data zake, na data husafiri kutoka kiunganishi kimoja hadi kingine baada tu ya kufungwa mkataba wa kidijitali unaotaja nani atazitumia na kwa kazi gani. Tena kila mmoja hushirikiana na jirani yake wa moja kwa moja tu, hatua moja juu na hatua moja chini. Wenyewe huiita hii mamlaka ya mwenye data juu ya data zake.

Siubezi utaratibu huu. Ni wa kistaarabu kuliko ule wa kampuni kubwa moja kukusanya kila kitu na kutuuzia tena. Lakini kanuni ya haki hupimwa kwa kumtazama aliye chini kabisa. Kiwanda cha kati cha Ujerumani kina jirani juu na jirani chini. Hutoa na hupokea. Mchimbaji ana nini hatua moja chini? Ana mwamba. Hatua moja juu kuna mnunuzi wa mawe, na baada yake hana ruhusa ya kuona kitu. Utaratibu ule ule unaomlinda msambazaji wa Stuttgart dhidi ya mnunuzi wake unamfanya mchimbaji wa Kolwezi asijue kamwe kobalti yake iliishia wapi na kwa thamani gani. Kwake data hupanda tu.

Na hili si la miaka ya mbali. Kwa mujibu wa Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1542, kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri ya gari la umeme, ya chombo chepesi cha usafiri, au ya viwandani yenye uwezo unaozidi kilowati-saa 2, haitaingia katika soko la Ulaya bila pasipoti ya kidijitali inayofunguliwa kwa msimbo wa QR. Humo mtakuwamo muundo wa betri, hewa ukaa iliyozalishwa, kiasi cha madini yaliyorejelezwa, na taarifa za ununuzi unaowajibika. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Sisi tuna nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na madini kinywe ya Mahenge na Lindi. Pasipoti hizo zitajazwa taarifa kutoka kwetu, tupende tusipende.

Naambiwa: hayo ni mambo ya wawekezaji, serikali itaingiaje? Anayesema hivyo amesahau mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia yalizuiliwa Bandari ya Dar es Salaam, tume ya Profesa Mruma ikaja na hesabu zake, kampuni ikazikana, na taifa zima likageuka wanajiolojia kwa miezi kadhaa. Tukiondoa hasira na hotuba, ugomvi ule ulihusu data: nani anajua kilichomo ndani ya kontena, kwa kipimo cha nani, na nani anaaminika akikitaja. Ulimalizika mezani, kwa makubaliano ya Januari 2020 yaliyoipa serikali asilimia 16 ya hisa katika Twiga. Marekebisho ya sheria ya mwaka ule ule wa 2017 yalitamka kwamba data za madini ni mali ya Serikali na kuelekeza zitunzwe na Taasisi ya Jiolojia. Hapo tulikuwa mbele ya wengi. Lakini sheria ile ilitazama mwamba. Nani leo anamiliki taarifa ya umeme uliotumika kuchenjua tani moja ya nikeli, chanzo cha umeme huo, na maji yaliyorudishwa mtoni? Taarifa hizo ndizo zitakazopanga bei katika soko la betri, nazo tunaziacha zikapimwe na mgeni, kwa kanuni ya mgeni, zikathibitishwe na mgeni anayelipwa na mgeni.

Kuna suala la gharama pia, na hapa majirani zetu wameshatufundisha. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zitaje kama madini yao yanatoka Kongo na nchi zinazoizunguka. Septemba mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kisha ukaja utaratibu wa kufunga lebo kila gunia la bati na koltani. Mnunuzi wa simu alipata utulivu wa moyo. Ada ya lebo ilikatwa huku chini, kwa kila tani inayouzwa nje, na mchimbaji akaikuta ndani ya bei aliyopewa. Sioni kifungu chochote kinachozuia hilo lisijirudie kwa betri, ila tukikidai sisi.

Baadhi ya wanaharakati, wengine wao waliowahi kuwa wanafunzi wangu, wananiambia huu ni ukoloni wa kidijitali na dawa yake ni kukataa. Naielewa hasira yao, ila sikubaliani na ushauri wao. Kanuni hiyo hiyo ya Ulaya inaamuru kwamba kuanzia tarehe 18 Agosti 2031 asilimia 16 ya kobalti katika betri za magari ya umeme itokane na urejelezaji. Pasipoti itawaonesha ni betri ipi, iliyochakaa, ina kobalti kiasi gani ya kutolewa tena. Kwa maneno mengine, Ulaya inajichorea ramani ya mgodi wake yenyewe, kwa kutumia taarifa zetu, ili miaka ijayo itutegemee kidogo. Tukisusa leo tutawapunguzia kazi.

Tena tunajua magari yaliyokwisha kutumika huishia wapi. Yatakuja kwetu, na betri zake. Kanuni inagawa taarifa za pasipoti katika ngazi: nyingine ni za umma, nyingine za mamlaka, nyingine ni za "wenye maslahi halali", kama watengenezaji na warejelezaji. Fundi wa Gerezani atakayefungua betri hiyo bila kujua namna ya kuivunja salama, je, ni mwenye maslahi halali? Hilo ndilo nililotamani ofisa wetu aliulize pale warshani.

Angeweza kuuliza mengine pia. Kwa nini data zikitoka Ngara, taarifa ya bei na ya mwisho wa safari zisirudi Ngara? Kwa nini gharama ya upimaji isilipwe na anayeuza gari? Kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 2022 ina Kongo ndani yake, isiingie katika vikao vya kutunga viwango kama sauti moja, badala ya kila wizara kutuma mjumbe wa kusikiliza? Programu za viunganishi vya Catena-X ni huria. Vijana wetu wa uhandisi wanaweza kuzipakua usiku huu na kuzifanyia kazi. Kinachokosekana ni maabara za upimaji zenye kuaminika, na mtu mmoja serikalini ambaye jambo hili limeandikwa katika majukumu yake. Nimeuliza katika ofisi tatu. Kila moja ilinielekeza kwa nyingine, na ya tatu ikanirudisha kwa ile ya kwanza.

Kwa hiyo nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi. Wasome Kiambatisho cha XIII cha kanuni hiyo, kinachoorodhesha yaliyomo katika pasipoti, na waandike mbele ya kila kipengele: taarifa hii itatoka kwa nani, nani atalipia kuipima, na sisi tutaona nini kikirudi. Safu ya tatu, wameniambia tayari, inakuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Nitaipeleka ilivyo kwa yule ofisa.