Embe la Chupa na Mwembe wa Nyumbani

MWEZI uliopita niliingia katika duka moja kubwa mjini Nairobi kununua majani ya chai na sabuni, nikatoka na kitu ambacho sikukikusudia. Ilikuwa chupa ndogo yenye vipande vya rangi ya manjano na nyekundu, na karatasi yake ilitangaza kwamba hiyo ni salsa ya embe na nanasi, iliyotengenezwa ng'ambo. Rangi ilinivuta. Nilipofikiria bei, pesa zilikuwa zimekwisha kunitoka.

Msomaji asiyeijua salsa asione haya, kwani hata mimi niliuliza. Ni neno la Kihispania lenye maana ya mchuzi au kitoweleo, na watu wa Meksiko ndio walioipa sifa. Wao hukata nyanya, vitunguu, pilipili na majani ya dania, kisha hukamulia ndimu. Wengine huongeza matunda. Kwa ufupi, ni ndugu yake kachumbari. Tena undugu wenyewe una historia. Nyanya na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioieneza pilipili katika pwani za Bahari ya Hindi baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Embe nalo lilitoka upande wa Bara Hindi, likaota kwetu, halafu likavuka hadi Amerika. Leo linarudi kwa meli likiwa ndani ya chupa.

Nyumbani mke wangu aliitazama ile chupa kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akaonja kidogo kwa ncha ya kijiko. "Baba watoto," akaniambia, "hii si kachumbari iliyotiwa sukari?"

Hata hivyo tuliamua kuitendea haki. Siku ya kwanza tuliila kwa samaki wa kukaanga, ikafaa sana, kwa sababu uchachu wake hukata mafuta. Siku ya pili tukaipeleka kwenye viazi karai mahali pa ukwaju, na hapo watoto walilamba sahani. Kwa muhogo wa kukaanga na kwa mbuzi wa kuchoma, haikutuaibisha. Kuku tulimpaka akiwa makaani dakika za mwisho tu, maana sukari ikikaa motoni huungua na kuwa chungu. Tulipojaribu kuila na ugali na sukuma wiki, mambo yaliharibika. Ilikuwa kama kutia jamu katika mboga. Na kwenye pilau, mimi nilirudia kachumbari yangu bila kugeuka nyuma. Tone la mwisho tulilichanganya na maziwa lala, tukachovya chapati.

Kwa hiyo sisemi kwamba kile kitu ni kibaya. Kilichonisumbua ni ile karatasi. Vitu hivyo huorodheshwa kwa kufuata uzito, kinachozidi kikitangulia. Maji yalikuwa ya kwanza, sukari ya pili, embe lilikuwa la tatu. Nilikuwa nimenunua maji matamu kwa pesa ambazo sokoni zingeninunulia maembe kumi.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama yangu, anayekaa Malindi, nikamhadithia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wanunua embe la chupa, na hapa yaoza chini ya mwembe?"

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli, wala si Malindi peke yake. Msimu ukifika, maembe huiva kwa pamoja, bei huanguka, na mkulima huyaacha yadondoke. Mwaka wa 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe mabichi katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na biashara hiyo haikuanza tena hadi mwaka wa 2021. Miaka saba! Embe lililopikwa na kufungwa vizuri halimwogopi nzi huyo. Serikali ya kaunti ya Makueni ililiona jambo hilo, ikajenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, kikaanza kazi mwaka wa 2017. Hilo ni jambo la kusifiwa, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kuimaliza miembe ya nchi nzima.

Nao ujuzi tunao. Mama zetu wa pwani hukata embe changa, hulitia chumvi, hulianika juani, halafu hulipika kwa siki, sukari, pilipili na kitunguu saumu. Achari hiyo hukaa miezi. Lakini huuzwa katika vichupa vilivyookotwa, havina jina wala alama ya ubora, na mnunuzi wa mjini hupita akikunja pua, akaenda kulipa mara tano kwa chupa yenye karatasi ya kumetameta. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi kwamba mama anayerudi kazini saa moja za usiku asimame kukata maembe. Chupa inamsaidia, na ana haki ya kusaidiwa. Ninalosema ni kwamba chupa hiyo ingetoka kwetu. Vikundi vya akina mama vipatiwe chupa safi kwa bei nafuu na wafunzwe njia za kupata alama ya ubora bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Nasi wanunuzi tuache kudharau kilichopikwa na jirani.

Wakati tukingoja, anayeweza na ajaribu. Chukua embe moja lililoiva lakini bado gumu, kitunguu chekundu nusu, nyanya moja isiyo na mbegu, pilipili moja, dania kiganja kimoja, ndimu moja na chumvi kidogo. Kata vipande vidogo, changanya, uache robo saa. Sukari haina kazi hapo. Kile mbichi kiliwe siku hiyo au siku mbili zinazofuata kikiwa ndani ya friji. Kisiwekwe chupani kama achari, maana hakikupikwa.

Jumapili iliyopita tulikitengeneza hicho. Mke wangu alikiweka mezani katika ile chupa ya ng'ambo, ameiosha na kuibandua karatasi. Watoto walikimaliza kabla samaki hajafika, mmoja akauliza tutanunua tena lini. Sikumjibu. Nilimpa kisu na embe.