Lugha yetu haina kosa, mashine ya kutafuta ndiyo iko na kosa



Andika "kukata" mu kisanduku cha kutafuta, mahali pengi raia wanaandikiana kwa Kiswahili. "Walitukata" haitatoka. "Tumekatwa" haitatoka. Lakini toka 2020 mpaka 2022, Kongo nzima ililalamika juu ya RAM, ile pesa iliyokuwa inakatwa ku unité za simu zetu, mpaka ikaondolewa. Maneno yale yaliandikwa, tena mengi. Leo nani anaweza kuyapata?

Kuna wenye banatujibu: "Andikeni Kifaransa, mutapata." Hapana! Katiba ya 2006, kipengele cha 1, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inaagiza Serikali izikuze bila ubaguzi. Kipengele cha 24 kinasema kila mutu iko na haki ya kupata habari. Mama anayeuza makala sokoni anaeleza shida yake kwa Kiswahili. Ushuhuda wake usipotea kwa sababu mashine haijui lugha yake.

Tuelewe kosa liko wapi. Programu nyingi za kutafuta zilifikiriwa kwa lugha ambazo neno linabadilika mukiani. Kifaransa kinasema manifestant, manifestation: mashine inakata mukia, inabaki na shina. Mu 1980, Martin Porter alitoa kanuni za kufanya vile kwa Kiingereza, na wengi wakafuata njia hiyo. Kiswahili kinabadilika sana ku kichwa: alikamatwa, walitukamata, hawajamkamata. Mashine inayokata mukia peke yake inaona maneno matatu yasiyojuana. Tena sisi wa Kongo tunaandika "mtu" na "mutu", "watoto" na "batoto". Kwetu ni kitu kimoja. Kwa mashine ni wageni.

Na usidanganywe kwamba ni kazi isiyowezekana. Arvi Hurskainen, mwalimu wa chuo kikuu cha Helsinki, alianza toka miaka ya 1980 kujenga programu inayochambua maneno ya Kiswahili. PostgreSQL, programu ya bure ya kuhifadhi data, tayari iko na njia ya kukata neno mu vipande vya herufi tatu. "Walikamatwa" na "kamatwa" vyote viko na kam, ama, mat, atw, twa, basi vinakutana. Kwa maneno mafupi kama "mtu" na "mutu", vipande havitoshi: inaomba orodha inayosema hili na lile ni moja. Orodha hiyo hakuna mutu wa Ulaya atatuandikia. Ni sisi tunaongea vile.

Minasikia mwingine: "Watu wanakufa, wewe unaongea juu ya kutafuta maneno?" Ndiyo, juu yao. Mkubwa anaahidi barabara, anaahidi maji, kisha miaka mitano anarudi na ahadi ile ile. Anategemea kitu kimoja: kwamba tutasahau. Raia anayeweza kupata tarehe na maneno anamuuliza swali lingine kabisa.

Lakini tuwe na akili. Mashine inayotafuta vizuri inamsaidia pia anayetuwinda. Kwa hiyo mahali, tarehe na tendo vitafutike. Jina la shahidi na namba yake ya simu visiingie kabisa mule. Kukumbuka bila kulinda watu ni kuwauza.

Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na kazi sina, sawa wengi wenu. Tunajaza miji, tunangojea mupango wa mwingine. Basi tunaomba haya. Wenye walisoma informatiki: waache kusema Kiswahili ni kigumu, wakae, waandike kanuni. Wenye walisoma lugha: walete orodha ya maneno jinsi yanavyosemwa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Lubumbashi. Wenye kufungua kurasa za raia: wasifungue nyingine mpya mbele ya kuhakikisha yale ya zamani yanapatikana. Na wenye wanaongoza nchi: sheria wanazotoa kama picha ya karatasi, wazitoe kama maandishi yanayotafutika, mu lugha nne zote.

Walitukata. Neno hilo litafutwe, na lionekane.