Daraja la kartie yetu: tubishe pamoja, na tubishe kwa karatasi



Tarehe 1 Februari ya kila mwaka njo mwisho wa kupeleka deklarasio ya impo fonsie, ile impo ya nyumba na lupango. Vijana wengi hatuifuatilie, juu hatuna nyumba. Tuko tunakaa kwa wazazi, diplome iko kwenye sanduku, kazi hakuna. Tunasema: ile ni mambo ya ba papa.

Lakini ajenti akifika kwenye mulango na karatasi yake, nani anaitwa kuisoma? Ni sisi. "Mwana, kuya uone, banaandika nini hapa?" Na wengi wetu, hata wenye kumaliza univerisite, tunaangalia ile karatasi, tunaona neno "rang", tunaona jumla kwa chini, na hatujue lile jumla limetoka wapi. Papa naye hajue. Ajenti anajua, ao anasema anajua. Pale njo matabishi yanaanza.

Leo tunataka kuzungumuza juu ya lile neno moja, "rang", ni kusema daraja. Ni lenyewe lenye kuamua kama familia italipa kidogo ao mingi. Na ni lenyewe ambalo karibu hakuna mutu analibisha.

Sheria inasema nini

Impo hii si jambo la jana. Imewekwa na Ordonnance-loi n° 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Tangu Katiba ya 2006, artikle ya 204 inaiweka mikononi mwa provense, pamoja na impo ya mapato ya kupangisha na impo ya magari. Hapa kwetu Haut-Katanga anayeikusanya ni provense, si Kinshasa. Anayepashwa kujibu maulizo yetu iko hapa Lubumbashi.

Hesabu yake inasimama juu ya vitu tatu.

Cha kwanza ni daraja la mahali. Miji na makartie yamegawanywa kwa madaraja, toka la kwanza mpaka la ine. Daraja la kwanza linalipa zaidi, la ine linalipa kidogo.

Cha pili ni aina ya jengo. Villa inahesabiwa kwa metre carré. Majengo mengine yana kiasi chenye kupangwa mbele, kufuatana na aina yake. Uwanja wenye haujajengwa nao una hesabu yake.

Cha tatu ni ukubwa. Kwa nyumba yenye kujengwa, sheria inasema upime kufuatana na kuta za inje. Ni nyumba njo inapimwa, si lupango lote na mwembe wake na kisima chake.

Tufanye mufano, hesabu tu ya kuelewa, si bei ya kweli. Nyumba iko na metre 9 kwa 8. Ni metre carré 72. Kama daraja lake linaomba dolari nusu kwa metre carré, ni dolari 36. Sasa ajenti anaandika daraja la juu, lenye kuomba dolari moja, na kwa ukubwa anaandika 120 bila kupima. Inakuwa dolari 120. Ukuta haukusogea, chumba hakikuongezeka, lakini deni limepita mara tatu. Na mama ya nyumba anaambiwa: "Mama, leta 40 tumalize hii mambo." Anatoa, anashukuru hata, juu anaona amepona. Lakini amelipa zaidi ya 36 ambayo sheria ilimuomba, na provense haikupata hata franka moja. Mwaka wenye kufuata, karatasi ni ile ile, na 120 yake iko mule mule.

Wanafanya namna gani kwingine

Tuna ndugu wengi Uingereza. Muwaulize namna kule impo ya baraza la mji inapangwa. Kila nyumba ina herufi yake, toka A mpaka H. Kwa England, ile herufi inatokana na bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991! Mpaka leo hawajapima upya, na watu wanalalamika, juu makartie yamebadilika: pengine palikuwa maskini, sasa ni patajiri. Kwa hiyo hata kule mambo si malaika.

Ila kuna kitu kimoja wanatupita. Orodha iko wazi. Mutu yeyote anaandika adresi kwenye intaneti, anaona herufi ya nyumba yake, na ya jirani, na ya bwana mukubwa kwenye avenyu ya nyuma. Akiona nyumba mbili zenye kufanana, moja iko C na yake iko D, anaandika kubisha. Analeta mifano ya nyumba za jirani. Wakimukatalia, kuna tribinali yenye iko mbali na ile ofisi. Na wanamuonya mbele: tukiangalia upya, herufi yako inaweza kushuka, inaweza kubaki, inaweza hata kupanda. Kwa hiyo mutu anafanya hesabu yake kwanza, halafu anabisha.

Angalia sasa tofauti na sisi. Kule kila nyumba ina herufi yake, kwa hiyo mutu moja anaweza kubisha peke yake na akashinda. Huku kwetu daraja ni la mahali pote. Papa moja hawezi kushusha daraja la kartie nzima kwa ajili ya lupango lake. Anaweza kurekebisha ukubwa, anaweza kurekebisha aina ya jengo, lakini daraja ni letu wote. Matabishi ni dawa ya mutu moja kwa ugonjwa wa avenyu nzima. Njo maana haiponyeshe.

Daraja linapimwa na nini?

Tunauliza, na tunauliza kwa heshima: kartie inaingia katika daraja fulani juu ya sababu gani? Ni barabara? Ni maji ya REGIDESO? Ni umeme wa SNEL? Ni bei ya lupango? Ni ukaribu na katikati ya muji? Lubumbashi iko na komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Ndani ya komini moja unaweza kutembea dakika kumi, ukatoka kwenye nyumba za etaje na groupe électrogène, ukaingia kwenye potopoto yenye kufika magoti wakati wa mvua, ambapo watoto wanachota maji kwenye kisima. Kama sehemu zile mbili ziko daraja moja, moja inalipa zaidi ya haki, ao ingine inalipa chini ya haki. Ao yote mbili.

Hapa tuseme kweli yote, hata ile yenye haitatufurahisha. Tukiomba madaraja yafuate hali ya mahali, hatuombe yashuke tu. Kuna makartie mapya yenye kujengwa kwa mali nyingi, na yale yanapashwa kupanda. Pengine hata sehemu moja ya kartie yetu itapanda. Mutu anayetaka haki ya kushuka tu, haombe haki, anaomba zawadi.

Kwa wale wanaosema "tusilipe"

Tunasoma maandiko yenu. "Leta haitupatie kitu, kwa nini tulipe?" Hasira hiyo tunaielewa, ni yetu pia. Barabara hakuna, delestaje kila siku, na wewe unaombwa falanga.

Lakini angalieni mambo mawili. Artikle ya 65 ya Katiba inasema kulipa impo ni lazima ya kila Mukongomani. Artikle ya 174 nayo inasema hakuna impo inaweza kuwekwa pasipo sheria. Hizi artikle mbili zinatembea pamoja kama miguu miwili. Ya kwanza inatubana sisi, ya pili inawabana wao. Ukikataa kulipa kabisa, unawapa sababu ya kukuandikia penalite, na hakuna atakayesikiliza tena ulizo lako juu ya daraja. Ukisema "nitalipa kile sheria inaomba, munionyeshe sheria", mutu mwenye kupashwa kujieleza anakuwa yeye.

Tena, tajiri haogope ile "tusilipe". Yeye iko na avoka, iko na namba ya simu ya mukubwa. Atakayefungiwa mulango ni mama mujane wa Katuba. Na huyu mama, kuna kitu hakuna mutu anamuambia: sheria ile ya 1969 inafikiria wajane na watu wenye kupita miaka 55, kwa nyumba wanamokaa wenyewe, kwa masharti. Moja ya masharti ni kupeleka deklarasio kwa wakati. Ni wazee wangapi kwenye avenyu yenu walishasikia hiyo? Wanalipa, ao wanatoa matabishi, kwa kitu ambacho pengine hawadaiwe.

Tufanye nini

Kwanza, tupime. Munaomba metre kwa fundi wa avenyu, munapima kuta za inje za nyumba ya wazazi, munaandika. Ni kazi ya dakika makumi mawili. Na kazi nyingine hatuna, wakati tunao.

Pili, muombe karatasi yenye jina. Ajenti akifika, mumuombe kwa adabu ordre de mission yake, na mumuulize: ni edi ao arete gani, ya tarehe gani, yenye kuweka kartie yetu kwenye daraja hili? Muandike jibu lake mbele yake. Hapana kumutukana. Naye pia ana mukubwa, na pengine mushahara wake haufike. Yeye si adui.

Tatu, mupeleke deklarasio mbele ya tarehe 1 Februari, na vipimo vya kweli. Mutu mwenye kudanganya ukubwa wa nyumba yake anajitolea risasi mguuni: siku atabisha daraja, watamuonyesha uongo wake.

Ine, kama karatasi imekosewa ukubwa ao aina ya jengo, muandike reklamasio. Sheria n° 004/2003 ya tarehe 13 Marsi 2003 inamupa mulipaji haki hiyo. Muandike jina, adresi, namba ya karatasi, kiasi munachobishia na sababu. Muweke vipimo na picha ya nyumba. Mupeleke nakala mbili, moja ibaki na muhuri wa kupokelewa, na hiyo muitunze kama diplome. Na hapana kungoja: muda wa kubisha una mwisho, kwa hiyo muandike juu ya karatasi siku mulipoipokea. Sehemu ambayo hamuibishi, muilipe banki, mupate bordero. Hapana kulipa mikononi.

Tano, kwa daraja lenyewe, tufanye petisio kwa kartie. Artikle ya 27 ya Katiba inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka petisio, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi tatu. Artikle ile ile inakataza kumufuatia mutu juu ameandika petisio. Tuite shefu wa avenyu, tuite ba mama wa soko, tuite ba papa wa kanisa. Kila avenyu ilete liste yake: nyumba ngapi, nyumba ngapi ziko na maji, ngapi ziko na umeme, barabara iko namna gani. Tuweke picha, tuweke sinyature. Karatasi moja ya kilio inatupwa. Dosie ya avenyu 12 yenye vipimo, ni vigumu kuitupa.

Na wapangaji wasijitoe. Mwenye nyumba akiandikiwa impo ya juu, mwaka wenye kufuata anaiweka kwenye loyer yako. Kumbuka tu kama impo ya mapato ya kupangisha ni ingine, yenye sheria yake. Hapana kukubali mutu azichanganye kwenye karatasi moja.

Tunachoomba kwa wakubwa wa provense

Tunaomba vitu ine, na hakuna hata kimoja chenye kuomba bajeti kubwa.

Moja: orodha ya madaraja ya makartie yote ibandikwe kwenye kila biro ya komini na kila biro ya kartie, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na bei ya kila daraja pembeni.

Mbili: sababu za kuweka kartie kwenye daraja ziandikwe wazi.

Tatu: kila karatasi ya impo ionyeshe daraja, aina ya jengo na ukubwa wenye kuhesabiwa, si jumla peke yake.

Ine: wajane na wazee waambiwe haki yao mbele ya tarehe 1 Februari, kwenye radio na kwenye makanisa, si kisha.

Tulifundishwa kusoma na falanga za wazazi wetu, wengine waliuza mpaka kipande cha lupango ili tumalize masomo. Wametubakishia nyumba moja na karatasi zake. Kuwasomea ile karatasi, kuipima na kuijibu ni kitu chenye tunaweza kufanya leo, hata bila kazi na bila godfather yeyote.

Muanze na avenyu yenu jioni hii. Muombe metre.