Jharia inaungua, tusiipite haraka
Mwandishi, Jharia, eneo la migodi ya makaa ya mawe nchini India, umeigusa juu juu mno kwenye makala yako. Nilisoma uhandisi wa madini Dhanbad na nimeiona ardhi ile: moshi unafuka kwenye nyufa kando ya nyumba za watu, na joto unalisikia hadi kwenye soli za viatu. Moto huo wa chini kwa chini unajulikana tangu 1916, na unateketeza makaa ya mawe bora kabisa ya kuyeyushia chuma nchini India. Ndugu uliyeuliza hapo juu kwa nini wasimwage maji: hewa inapenya kupitia mashimo ya zamani yaliyoachwa bila kujazwa mchanga, ndiyo maana moto hauzimiki. Tusihesabu tani za makaa yanayoungua tukawasahau wakazi. Wanaohamishwa kwa sababu ya moto huo wapewe nyumba pamoja na kazi.