Kanuni Zinazotufikia Kabla Bunge Halijazisoma



Mvuvi anapokamatwa mwaloni Mwigobero, Guta au Kisorya kwa sababu macho ya nyavu zake ni madogo kuliko yanavyoruhusiwa, hukamatwa kwa kipimo ambacho hakikuandikwa na Bunge. Bunge lilitunga Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya mwaka 2003, na ndani yake likampa Waziri madaraka ya kutunga kanuni. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, pamoja na marekebisho yaliyozifuata, ndizo zilizoeleza ni nyavu za namna gani zitumike, zikasema sato asipungue sentimita 25 na sangara asipungue sentimita 50. Mbunge wetu alipiga kura juu ya sheria. Juu ya sentimita hakupiga kura.

Hatusemi kwamba utaratibu huo ni kosa. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 97(5), inaliruhusu Bunge kukabidhi kwa mtu au Idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya sheria. Si busara wabunge wakae Dodoma wakibishana juu ya tundu la wavu, jambo ambalo wataalamu wa uvuvi hulijua vizuri zaidi. Wala hatuwatetei wenye makokoro na wenye kuvua kwa sumu. Ziwa Nyanza ni amana ya watoto wetu, na anayemvua sangara mchanga huwaibia wao kabla ya kumwibia jirani yake. Tunalouliza ni hili: aliyekopeshwa madaraka ya kutunga sheria, ni nani anayemkagua? Na anamkagua lini?

Jibu la kwanza limo katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Sheria hiyo inataka kila kanuni itangazwe katika Gazeti la Serikali, kisha iwekwe mezani Bungeni ndani ya siku sita za vikao zinazofuata kutangazwa kwake. Bunge likiona haifai, laweza kupitisha azimio la kuikataa. Tena sheria hiyo inasema kwamba kanuni inayopingana na sheria mama ni batili kwa kadiri ya kupingana kwake. Ili kazi hiyo isipotee katika wingi wa shughuli, Bunge limekuwa na Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo. Kazi yake ni kuzisoma kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri, na kuangalia kama zinaafikiana na Katiba na sheria iliyozizaa, kama aliyezitunga alikuwa na mamlaka ya kuzitunga, kama hazimtwishi mwananchi mzigo ambao Bunge halikuukusudia. Inapoona dosari huwaita wahusika wa wizara, kisha hupeleka taarifa yake Bungeni ili Serikali itakiwe kurekebisha.

Ni kazi njema, na haina sifa mitaani. Hakuna anayeandamana kwa furaha kwa kuwa kifungu kimoja cha kanuni kimesahihishwa. Hata hivyo tunaamini kwamba kwa maskini wa Mkoa wa Mara kamati hiyo yaweza kuwa na maana kuliko hotuba nyingi zinazorushwa redioni.

Lakini lipo tatizo la wakati. Kanuni huanza kufanya kazi inapotangazwa, isipokuwa yenyewe imetaja siku nyingine. Haisubiri Kamati iisome. Kwa hiyo ukaguzi wa Bunge huja nyuma, baada ya miezi, na pengine baada ya miaka. Katika muda huo faini zimekwisha kulipwa na nyavu zimekwisha kuteketea. Azimio la Bunge laweza kuifuta kanuni, lakini wavu uliokwisha kuwa majivu haliurudishi.

Mwaka 2018 tuliyaona hayo kwa macho yetu. Katika operesheni ya kupambana na uvuvi haramu Ziwa Victoria, nyavu zilichomwa moto na watu wengi walitozwa faini. Wabunge wa Kanda ya Ziwa walilalamika Bungeni. Kisha mwezi Juni mwaka ule maofisa wa wizara waliingia katika mgahawa wa Bunge lenyewe huko Dodoma, wakawapima samaki kwa rula, na mgahawa ukatozwa faini. Wabunge walikasirika, na Spika wa wakati ule, Job Ndugai, akalisemea jambo hilo. Tukiri kwamba huku kwetu wengi tulicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake, kwa kuwa walichokionja waheshimiwa kwa mlo mmoja, familia za mialoni zilikuwa zimekionja kwa miezi. Tena mwenye mgahawa alikuwa na Bunge zima la kumsemea. Mama muuza sangara wa Kisorya alikuwa na nani?

Hapo hatuna budi kusema neno juu ya kutangazwa kwa sheria. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jamii, tena likatangazwa. Kutangazwa hakukuwa nyongeza kwake. Kulikuwa sehemu ya sheria kuwa sheria. Je, kanuni iliyochapwa katika Gazeti la Serikali, kwa Kiingereza, imetangazwa kwa mvuvi wa Guta? Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulishukuru. Lakini lugha ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni karatasi yenyewe kufika kijijini, ikabandikwa mahali ambapo mtu hupita.

Wengine watasema tunazungumzia samaki tu. Basi tutazame shule. Sheria ya Elimu, Na. 25 ya mwaka 1978, ilimpa Waziri madaraka ya kutunga kanuni. Mwaka 2002 zikatungwa kanuni za kufukuza wanafunzi, ambazo zilitaja kuolewa au kuoa na pia kosa dhidi ya maadili. Neno hilo moja, maadili, lilitumika kumfungia mlango binti aliyepata mimba, hata yule aliyebakwa. Wazazi wengi, na sisi viongozi wa walei pamoja nao, tulidhani kwamba hiyo ni amri iliyopigiwa kura na wabunge. Haikuwa hivyo. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu mabinti hao warudi shuleni, na ruhusa hiyo ikatolewa kwa waraka. Tulifurahi. Lakini angalieni: mlango ulifungwa kwa kanuni, ukafunguliwa kwa waraka, na mara zote mbili Bunge halikutunga sheria mpya. Katika mkoa ambamo binti hupambana na ukeketaji na ndoa za utotoni kabla hajafika kidato cha pili, kuyategemea maisha yake kwa tafsiri ya neno moja la wizara ni jambo la kutisha.

Nabii Isaya, mwanzoni mwa sura ya 10, hawakemei wafalme peke yao. Anawakemea pia wale wanaoandika amri za kuonea. Yafaa tukumbuke kwamba mwandishi naye anayo hesabu ya kutoa.

Tena tusiwatupie mawe wa Dodoma pekee. Sheria ndogo nyingi zinazotugusa kila siku hutungwa hapa hapa: ushuru wa soko Musoma mjini, ushuru wa mazao Bunda, ada na faini Butiama. Halmashauri ya wilaya inapotaka kutunga sheria ndogo hutakiwa kwanza kuwatangazia wakazi kusudi lake, ili mwenye pingamizi alete, ndipo ipelekwe kwa Waziri kuidhinishwa. Sheria ndogo za kijiji nazo hupita katika mkutano wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hizo hazina safari ya kwenda Dodoma. Nani kati yetu amewahi kupeleka pingamizi? Tuseme ukweli: tumekaa katika mikutano hiyo, rasimu ikasomwa haraka jua likiwa kali, tukainua mikono ili tuwahi nyumbani. Miezi sita baadaye mjane akatozwa faini ya mbuzi wake, nasi tukalaumu Serikali.

Upo pia udhaifu ambao Kamati ya Bunge haiwezi kuuponya peke yake. Kamati husoma maandishi. Yaweza kuona kwamba kifungu kinapingana na sheria mama, lakini haiwezi kuona kizuizi cha ushuru kilichosimama njia panda, wala mtoza faini asiye na kitabu cha stakabadhi. Hayo huonwa na wanaoishi hapa. Kama hatuyaandiki, Kamati itaendelea kusahihisha koma na namba za vifungu, ilhali donda linaendelea kutoa usaha.

Kwa sababu hiyo tunaziomba kamati za haki na amani za parokia zifungue jalada. Mwanajumuiya yeyote aliyetozwa faini, aliyenyang'anywa mali au aliyezuiwa na kanuni asiyoielewa, alete stakabadhi yake au nakala ya hati aliyopewa. Kama hakupewa kitu, aandikwe siku, mahali, kiasi cha fedha na cheo cha aliyemtoza, bila kuongeza chumvi. Kisha kamati iulize kwa barua ya heshima katika ofisi inayohusika: ni kanuni ipi, kifungu cha ngapi, Tangazo la Serikali namba ngapi la mwaka gani? Afisa mwaminifu hataona tabu kujibu. Jibu likija, lisomwe katika jumuiya ndogo ndogo kwa Kiswahili chepesi, maana mara nyingine tutagundua kwamba kanuni ni ya haki na mwenye kosa ni ndugu yetu. Hilo nalo tulikubali na kumwambia.

Pale itakapoonekana kwamba kilichotozwa hakimo katika kanuni, au kanuni imevuka sheria iliyoizaa, nakala za jalada zipelekwe kwa mbunge wa jimbo na kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, zikiombwa zifikishwe kwenye kamati inayohusika. Kamati za Bunge hukutana kabla ya mikutano ya Bunge, na Mkutano wa Bajeti huanza mwezi Aprili. Kwa hiyo barua ya mwezi Februari ina faida kuliko ya mwezi Juni. Parokia isiyo na mtu wa kuandika barua za namna hiyo iombe msaada wa walimu wetu wastaafu, ambao wengi wao wanakaa nyumbani wakisubiri kuitwa.