Jiwe la Namba Kubwa Halinoi Kisu Butu

Mtu anayetaka kununua fremu ya kunolea visu siku hizi ana swali moja linalotangulia mengine yote: seti inafika namba ngapi? Akiambiwa 1000, anakunja uso. Akiambiwa 8000, anatoa pesa. Fremu yenyewe, ile inayobana kisu na kuliongoza jiwe kwa ufito wa chuma ili pembe isiyumbe, hajaikagua. Chuma cha kisu chake hakijui. Namba ya jiwe la mwisho ndiyo aliyonayo kichwani, kwa sababu ameaminishwa kwamba namba ikipanda, makali nayo yanapanda. Imani hiyo imeenea kutoka kwa wauza vifaa hadi kwa wapishi wa hoteli, na ni ya uongo. Inawala watu fedha, inawala muda, kisha inawaachia visu vinavyong'aa kama kioo na kuteleza juu ya ganda la nyanya.

Makali hayapakwi juu ya kisu. Ni mstari ambapo pande mbili za chuma zinakutana. Kisu kinapokuwa butu, mstari huo umeliwa ukawa mviringo, au umelala upande, au umemeguka vipande visivyoonekana kwa jicho. Dawa yake ni kuondoa chuma upande huu na upande ule hadi pande mbili zikutane upya, na kuondoa chuma ni kazi ya chembe kubwa. Tazama mabamba ya almasi ya DMT ya Marekani, kampuni inayoandika ukubwa wa chembe bila kuficha: bamba la buluu lina chembe za mikroni 45, jekundu 25, la kijani 9, na lile wanaloliita namba 8000 lina mikroni 3. Mikroni elfu moja ndiyo milimita. Kisu kilichomeguka kwa robo milimita kimepoteza mikroni 250. Ukikianzia kwenye chembe za mikroni 3 utasugua kutwa nzima, na jioni pengo lake litakuwa palepale.

Hata kisu kisichomeguka kinadai jiwe la nguvu pale mwenyewe anapotaka kukibadili pembe. Chukua kisu chenye unene wa nusu milimita nyuma tu ya makali, kilichonolewa digrii 25 kila upande. Mteremko wa makali yake una upana wa karibu milimita 0.6. Ukitaka kukishusha hadi digrii 15, mteremko huo lazima upanuke ukaribie milimita nzima, pande zote mbili, kuanzia mpinini hadi nchani. Hicho ni chuma kingi, na hiyo ndiyo sababu ya kununua fremu badala ya kunoa kwa mkono mtupu: ili pembe mpya iwe moja kwa urefu wote wa kisu.

Pembe hiyo ina uzito kuliko mng'ao wowote. Huko Sheffield, Uingereza, taasisi ya CATRA ina mashine inayokatia kisu kadi zilizochanganywa na silika, kisu kikienda na kurudi mara 60 chini ya mgandamizo uleule. Utaratibu huo ndio uliomo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8442-5. Larrin Thomas, mtaalamu wa vyuma wa Marekani aliyetoa kitabu cha Knife Engineering mwaka 2020, amepima vyuma vingi kwa njia hiyo, na jambo mojawapo lililojitokeza waziwazi ni kwamba pembe ikipungua, kisu kinakata kadi nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Basi mnunuzi mwenye fedha ya jiwe moja zuri tu na aiweke kwenye lile linaloweza kuitengeneza pembe. Hilo ndilo jiwe la chini kabisa kwenye seti, lile analolidharau.

Kuna alama inayomwambia mnoaji kwamba pande mbili zimekutana: unyuzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili wa makali. Huuoni kwa urahisi, lakini ukipitisha kidole kutoka ubapani kuelekea nje unaukwaa. Unyuzi usipopatikana kwa urefu wote, kazi ya jiwe la kwanza haijaisha, na kupanda jiwe linalofuata ni kupaka rangi ukuta usiopigwa lipu. Wengi wanapanda. Wamenunua mawe manane na wanataka kuyatumia yote manane, kwa hiyo wanalipa la kwanza dakika mbili na la mwisho nusu saa. Mimi nanoa visu vya watu, na visu vingi vinavyonifikia kutoka kwa wenye seti ndefu vina hali hiyohiyo: mteremko umesuguliwa hadi unaonyesha sura, na mstari wa makali wenyewe haujaguswa.

Wanaotetea namba kubwa wananiambia kwamba kisu kilichopita kwenye jiwe la 8000 kinanyoa nywele za mkono. Sibishi kwamba kinanyoa. Kisu kilichoishia kwenye jiwe la 600 kinanyoa pia, mradi unyuzi umeondolewa wote. Hapo ndipo mawe laini yanapopewa sifa isiyo yao. Mtu anapita jiwe moja hadi jingine, na kila jiwe linapunguza unyuzi kidogo. Mwishoni kisu kinakata vizuri, naye anasema ni kwa sababu ya jiwe la mwisho. Angeweza kuuondoa unyuzi huo palepale kwenye jiwe la kati: pasi moja upande huu, moja upande ule, kwa mkono mwepesi unaozidi kuwa mwepesi, kisha mara chache kwenye mkanda wa ngozi kwa kukirudisha kisu nyuma. Fremu inalirahisisha hilo kwa sababu pembe haiponyoki. Hili linajifunzwa kwa mkono, halipatikani kwa kuongeza jiwe.

Isitoshe, namba inayoabudiwa haina maana moja. Shirika la Ulaya la FEPA lina vipimo viwili, kimoja cha msasa chenye herufi P na kingine cha mawe yaliyogandishwa chenye herufi F. P1000 ni chembe za mikroni 18 hivi. F1000 ni mikroni 4.5. Wajapani nao wana kipimo chao cha JIS, na 1000 yao ni mikroni 11.5. Namba ni ileile, na chembe kubwa inaizidi ndogo mara nne. Lile bamba la DMT la 8000 lina mikroni 3, ilhali jiwe la Kijapani la 8000 lina mikroni 1.2 hivi. Mtu anayechanganya mawe ya viwanda vitatu akidhani anapanda ngazi anaweza kuwa anashuka bila kujua. Na almasi mpya huchimba mikwaruzo mirefu kuliko namba yake hadi ikae sawa kwa matumizi, jambo ambalo ni nadra kulikuta limeandikwa kwenye boksi.

Kisha kuna chakula chenyewe. Mikwaruzo ya jiwe la kati inapofika kwenye makali huacha meno madogo sana, na meno hayo ndiyo yanayokamata ganda la nyanya, ngozi ya samaki, mshipa wa nyama, kisu kinapovutwa. Nenda bucha yoyote, au soko la samaki la Feri pale Dar es Salaam, uangalie watu wanaokata tangu alfajiri. Kisu chao kinavutwa. Hakuna anayekishindilia kama wembe. Ukiyasugua meno hayo yote yakaisha, kisu kitapasua karatasi kimyakimya mbele ya wageni, na kikipoteza ule ukali wa kwanza kinaanza kuteleza juu ya ngozi ambayo kisu cha jiwe la kati bado kinaikamata.

Wapo wanaomdharau fundi wa mtaani anayezungusha cherehe kwa kanyagio la baiskeli, wakisema jiwe lake ni la chembe kubwa mno. Kosa la cherehe liko kwingine: gurudumu linalozunguka kasi bila maji linaweza kuunguza makali hadi chuma kilegee, na linakula chuma kuliko inavyohitajika. Chembe kubwa ndiyo inayofanya wateja wake wakate kitoweo jioni hiyo.

Sasa nije kwenye chuma, maana ndicho kinachopaswa kuamua jiwe, na ndicho ambacho watu hawaulizi. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya, pamoja na vile vya Victorinox ambavyo wauza nyama wanavipenda duniani kote, ni vya chuma kinachoitwa X50CrMoV15: kaboni nusu asilimia, kromiamu asilimia 15 hivi, ugumu wa karibu 56 kwenye kipimo cha Rockwell. Ni chuma laini na chepesi kunoa. Jiwe la kawaida la oksidi ya alumini linakikata bila shida. Ukikisugua hadi kiwe kioo, huo mng'ao hauna chuma cha kuushikilia. Siku mbili za kukata kitunguu juu ya ubao na umekwisha. Kisu hiki kinahitaji jiwe la kuanzia karibu na 220 au 320, jiwe la kati la 600 hadi 1000, na mkanda wa ngozi.

Kwa upande mwingine kuna vyuma vya kisasa vya unga, kama S90V ya Marekani, yenye vanadi asilimia 9. Vanadi ikiungana na kaboni hutoa punje ngumu kuliko mawe mengi. Kwenye kipimo cha Knoop punje hizo zina takribani 2800. Oksidi ya alumini ina 2100, kabidi ya silikoni 2500, almasi zaidi ya 7000. Jiwe la asili la Arkansas, linalosifiwa sana kwa ulaini wake, limeundwa kwa kwazi yenye 800 hivi. Anayekinoa kisu cha S90V kwa jiwe la Arkansas au kwa seramiki laini anakwangua chuma kinachozizunguka punje, na punje zenyewe hazikatwi. Kadiri chembe za jiwe zinavyokuwa ndogo, zikafika ukubwa wa punje au chini yake, hali inazidi kuwa mbaya. Kwa chuma hiki jibu ni almasi, kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho. Kwa hiyo mawe mawili ya almasi yana faida kuliko mawe kumi ya kitu kingine, hata kama kumi hayo yanafika namba 30000.

Hata ukiwa na mawe sahihi, wingi wake una hila yake kwenye fremu. Jiwe linapita juu ya ufito unaozungukia egemeo moja, kwa hiyo unene wa jiwe ni sehemu ya pembe. Ikiwa kutoka egemeo hadi makali ni milimita 200, jiwe lililozidi lenzake kwa milimita 2 linabadili pembe kwa zaidi ya nusu digrii. Kwenye fremu fupi ya milimita 100 ni zaidi ya digrii moja. Mawe ya viwanda tofauti yanatofautiana hivyo kila siku, na hata ya kiwanda kimoja yanaliwa: jiwe lenye upana wa milimita 25 na urefu wa 150, kipimo kilichozoeleka kwenye fremu za aina ya Edge Pro, linabonyea katikati upesi, hasa likiwa la maji na laini. Pembe ikipungua, jiwe jipya haligusi makali kabisa. Ikiongezeka, linachonga mteremko mwingine mdogo ambao mwenyewe hakuutaka. Kila jiwe unaloongeza ni nafasi nyingine ya kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Mwenye mawe mawili anapima pembe mara mbili na kumaliza. Paka wino wa maka peni kwenye mteremko, pitisha jiwe mara moja, utaona lilipogusa.

Najua kuna makali yanayotaka jiwe laini kweli. Wembe wa kinyozi wa kukunja unataka. Patasi ya seremala inayosukumwa moja kwa moja kwenye mti inataka. Kisu cha Kijapani cha kukatia samaki mbichi, chenye chuma kigumu na mteremko wa upande mmoja, kinafaidi, na kwa desturi kinanolewa mezani kwa mkono, bila fremu. Mwenye kazi hizo anunue, nami sitamzuia. Lakini si haki kuwauzia watu wote mahitaji ya kinyozi.

Lawama kubwa naiweka kwa wauzaji. Namba ni rahisi kuichapa kwenye boksi, na seti ndefu ina faida nzuri, kwa hiyo jiwe la chini wanaliweka la hali duni na la juu wanalipamba. Kwa anayetafuta fremu, maswali ni haya: jiwe lako la kwanza ni la nini, lina mikroni ngapi, lina unene gani, na nikilimaliza nitalipata peke yake? Muuzaji asiyeweza kujibu manne hayo hastahili pesa yako, hata kama jiwe lake la mwisho linafika mbinguni. Nanyi mnaoagiza mizigo hii kutoka China, Dubai na Marekani, andikeni mikroni, andikeni unene, uzeni jiwe mojamoja. Mama ntilie wa Kariakoo mwenye visu vitatu vya chuma laini hana sababu ya kulipia mawe manane ili apate mawili anayoyahitaji.