Kesi ya Ngedere Isipelekwe kwa Nyani

Katika darasa lolote lile, liwe hapa Kimbo, kule Ruiru au Thika mjini, mwalimu anapotoka humwachia kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Sasa hebu fikiria, msomaji mpendwa, kwamba wapiga kelele hao ndio wanaomteua kiranja, ndio wanaompa kalamu na karatasi, na ndio wenye uwezo wa kumvua cheo. Mwalimu akirejea atakuta karatasi nyeupe pe, naye ataamini kwamba darasa lilikuwa kimya.

Huo ndio mtihani ambao umeziandama taasisi zetu za kupambana na ufisadi. Aghalabu tunalalamika kwamba zimelala. Historia hata hivyo yatufunza jambo la kutisha zaidi: zilipoanza kuamka ndipo zilipoandamwa.

Mnamo mwaka wa 1997 iliundwa taasisi iliyojulikana kama KACA, na Bwana John Harun Mwau akateuliwa kuiongoza. Mwaka wa 1998, baada ya taasisi hiyo kuwafikisha mahakamani maafisa wakuu wa serikali, Bwana Mwau alisimamishwa kazi na jopo la majaji likaundwa kumchunguza. Hakurudi. Jaji Aaron Ringera alichukua usukani, lakini Desemba mwaka wa 2000 Mahakama Kuu ikaamua kwamba KACA ilikuwa kinyume cha katiba, kwa kuwa mamlaka yake ya kushtaki yaligongana na yale ya Mkuu wa Sheria. Taasisi ikafa.

Sheria mpya ya mwaka wa 2003 ilizaa tume nyingine, KACC. Nayo haikufika mbali. Mwaka wa 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda tume ya sasa, yaani EACC, na kwa sheria hiyo hiyo Profesa Patrick Lumumba na manaibu wake wakajikuta nje kabla ya kumaliza muhula wao. Wengi wa waliopiga kura hiyo walikuwa wanasiasa, nao wanasiasa ndio waliokuwa wakimulikwa na tume hiyo. Je, hapo kesi ya ngedere haikuwa imepelekwa kwa nyani?

Wala si Kenya peke yake. Afrika Kusini ilikuwa na kikosi mashuhuri kilichoitwa Scorpions. Baada ya kikosi hicho kuwaandama vigogo wa chama tawala, kilivunjwa mwaka wa 2009. Mwaka wa 2011 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikatamka kwamba serikali ina wajibu wa kuwa na chombo huru cha kupiga vita ufisadi.

Watakuwapo watakaosema kwamba tume isiyodhibitiwa na mtu yeyote yaweza kugeuka na kuwa dhalimu. Hoja hiyo ina uzito. Uhuru haumaanishi kutowajibika. Tume sharti ikaguliwe hesabu zake, na mahakama ziwe tayari kuirudi inapovuka mipaka. Hata hivyo, kuwajibika kwa sheria ni jambo moja, na kumnyenyekea mkubwa ni jingine.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilijaribu kuziba ufa huu. Makamishna hutumikia kipindi kimoja tu cha miaka 6, ili wasilambe viatu vya mtu wakitafuta kipindi cha pili. Hawawezi kuondolewa ila kwa hatua zilizowekwa na Katiba, ikiwemo uchunguzi wa jopo. Bunge nalo laagizwa kuzitengea tume fedha za kutosha. Lakini EACC huchunguza tu. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Basi afisi hiyo nayo ikitikiswa, jasho lote la wachunguzi humwagika bure. Uhuru wa mmoja pasipo wa mwenzake ni sawa na jembe lisilo mpini.

Enyi walimu, jambo hili si la mawakili peke yao. Fedha zinazoibwa ndizo za madawati, vitabu na dawa. Mzazi wa Kimbo anayerauka alfajiri kusubiri matatu katika barabara kuu ya Thika hulipa kodi kila anunuapo bidhaa dukani. Ana haki ya kujua iendako. Wafundisheni wanafunzi kuuliza, kila taasisi hii inapotikiswa: ni nani anayeitikisa, na ilikuwa ikimchunguza nani wakati huo?

Nanyi wanafunzi, kiranja mwema mnamfahamu. Si yule anayependwa na wapiga kelele. Siku mtakapomwona akivuliwa cheo kwa sababu aliandika majina, msikae kimya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.